Kunoa Vikataji vya Milingi Nyumbani: Kipi Unoe Mwenyewe, Kipi Umwachie Fundi

Kikataji cha mashine ya milingi hakiishi makali kwa siku moja. Kwanza sauti yake hubadilika: palipokuwa na mvumo uliotulia panasikika mkwaruzo. Kisha uso wa kazi hupoteza mng'ao, kingo zake huota ndevu za chuma, na kipande kilichokuwa vuguvugu huwa cha moto kisichoshikika. Mtumiaji asiyezitambua dalili hizi huongeza nguvu ya mkono akidhani chuma ndicho kigumu, na jino huvunjika. Jino lililolika kidogo hunoleka kwa kuondoa unyuzi mwembamba wa chuma. Jino lililovunjika hudai kuondolewa sehemu kubwa ya kikataji, na mara nyingi gharama ya kazi hiyo haitofautiani sana na bei ya kipya.

Katika somo hili tunazungumzia endimili, yaani kikataji kinachofanana kwa mbali na keekee, chenye meno nchani na ubavuni. Ndicho kinachopatikana zaidi katika karakana ndogo za nyumbani, na ndicho kinachouzwa kwa wingi kikiwa kimetumika, katika maduka ya vifaa kama yale ya Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam na kwingineko.

Ni lazima kutenganisha meno ya nchani na meno ya ubavuni. Ya nchani ni mafupi na yamenyooka, hivyo mtu mwenye subira na grainda ya mezani anaweza kuyanoa vizuri. Ya ubavuni yamejisokota kuuzunguka mwili wa kikataji. Ili kuyanoa, kikataji hakina budi kuzungushwa kwa kiasi kilekile kinavyosogezwa mbele ya jiwe, tangu mwanzo wa jino hadi mwisho wake. Mkono wa binadamu hauwezi kazi hiyo, hata uwe hodari kiasi gani. Huhitajika mashine maalumu ya kunolea zana. Anayejaribu bila mashine hiyo huacha jino moja likiwa refu kuliko mengine, na jino hilo hubeba kazi ya yote hadi livunjike. Kwa hiyo ushauri wetu ni wa wazi: ncha unaweza kuinoa nyumbani, ubavu mpelekee fundi mwenye mashine.

Hata fundi huyo hawezi kunoa ubavu bila kupunguza kipenyo. Kikataji kilichotoka kiwandani kikiwa na milimita 12 kitarudi kikiwa na chini ya hapo. Kwa kusawazisha uso wa bamba, upungufu huo hauna madhara. Kwa kuchonga mfereji wa shafti, ule unaopokea kipande cha chuma kinachoifunga puli, madhara yake ni makubwa. Mfereji ukiwa mwembamba, kipande hakiingii, na fundi mwenye haraka hukipiga tupa mpaka kiingie kwa kulegea. Shafti hiyo ikifungwa kwenye mashine ya kusaga nafaka, puli hucheza kidogo kidogo, mfereji hupanuka, na mwishowe shafti nzima huwa ya kutupwa. Shafti hupotea kwa sababu ya tofauti ya kipimo ambayo jicho halikuiona.

Kabla ya kunoa, fahamu kikataji kimetengenezwa kwa nini. Vingi ni vya haispidi, ambayo hutoa cheche chache, fupi na nyekundu zinapogusa jiwe. Chuma cha kawaida cha kaboni hutoa cheche nyingi, nyeupe au za manjano, zinazopasuka kama fataki. Kabaidi karibu haitoi cheche, na ukiipima mkononi ni nzito kuliko haispidi ya ukubwa uleule. Haispidi hunolewa vyema kwa jiwe jeupe la alumini oksidi. Lile la kijivu linalokuja na grainda nyingi hufaa pia, ingawa hupasha joto zaidi. Haispidi huvumilia joto la hadi nyuzi 500 hivi bila kupoteza ugumu wake, hivyo rangi ya buluu ukingoni si msiba. Msiba ni kuitumbukiza katika maji ikiwa ya moto sana, kwa maana huota nyufa ndogo zisizoonekana. Gusa jiwe kwa wepesi, kisha uiache ipoe hewani.

Kabaidi tunakushauri usiinoe nyumbani kabisa. Huhitaji jiwe la almasi au la kijani la silikoni kabaidi, na vumbi lake lina kobalti. Vumbi hilo likivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu, na kitambaa kilichofungwa puani hakilizuii. Karakana nyingi za nyumbani ziko hatua chache kutoka jikoni au mahali wanapolala watoto. Mwenye kujipa moyo kwamba yeye hunoa mara moja moja na awakumbuke wao pia.

Sasa tuingie katika jiwe lenyewe, kwa kuwa hapa ndipo uhai wa mtu ulipo. Jiwe la grainda huandikwa kasi ya juu kabisa linayoruhusiwa kuzunguka. Jiwe la kawaida la kipenyo cha milimita 150, lililotengenezwa kwa kasi ya ukingo ya mita 35 kwa sekunde, halitakiwi kuvuka mizunguko 4,450 hivi kwa dakika. Grainda ya mezani inayotumia umeme wetu huzunguka takriban mara 2,900, kwa hiyo jiwe liko salama. Wapo, hata hivyo, wanaolifunga jiwe hilohilo kwenye grainda ya mkono iliyoondolewa kinga, na grainda ya mkono ndogo huzunguka mara 11,000 kwa dakika. Nguvu inayolivuta jiwe lipasuke huongezeka kwa mraba wa kasi. Katika mfano huu ni takriban mara sita ya ile jiwe lililokusudiwa kuibeba. Likipasuka, vipande huruka kwa mwendo wa mita zaidi ya 80 kwa sekunde, na miwani haitasaidia kitu. Usifanye hivyo hata kwa kazi ya dakika moja.

Jiwe jipya, au lililoanguka, lipime kabla ya kulifunga. Litundike kwenye kidole au kijiti kupitia tundu lake, kisha uligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Jiwe zima hulia kwa sauti safi. Lenye ufa hutoa sauti butu kama ya chungu kilichopasuka, nalo ni la kuvunjwa na kutupwa ili mtu mwingine asiliokote. Zile karatasi za mviringo zilizobandikwa pande zake mbili si pambo. Usizibandue, kwani husambaza mbano wa nati. Ukiwasha grainda, simama pembeni kwa dakika moja kabla ya kukaa mbele yake. Kiegemeo cha zana kisiwe mbali na jiwe zaidi ya milimita 3, na kirekebishwe mashine ikiwa imezimwa. Vaa miwani ya kukinga macho. Glovu usivae, maana jiwe huzinasa na kuuvuta mkono.

Kwa kunoa ncha ya kikataji cha meno manne, chombo kinachohitajika ni rahisi mno: kipande cha chuma cha mraba kilichotobolewa katikati kwa kipimo cha mkia wa kikataji, chenye skrubu ya kukibana. Kila upande wa mraba huleta jino moja mbele ya jiwe, na kwa kuwa pande ni sawa, meno nayo huwa sawa. Inamisha kiegemeo kwa nyuzi 6 hivi ili nyuma ya jino pawe chini kuliko ukali wake. Bila mteremko huo jino husugua badala ya kukata. Weka pia mwongozo ulioinama nyuzi 1 au 2, ili katikati ya ncha pawe pamebonyea kidogo kuliko kona. Nyuma ya kipande cha mraba pawe na kizuizi, ili kila jino lisogee umbali uleule na lisizidi.

Paka mgongo wa kila jino wino wa kalamu nzito, kisha uguse jiwe. Wino utakuonyesha jiwe limegusa wapi. Endelea kwa kugusa kidogo, jino hadi jino, mpaka mng'ao ufike kwenye ukali wenyewe, kisha ukome. Angalia usiliguse jino la jirani kwa kona ya jiwe. Ukimaliza, simamisha kikataji juu ya kioo: kona zote nne zikigusa, hakitatikisika. Kikitikisika, jino moja ni refu, nalo ndilo la kurudiwa. Kipimo hiki hakifai kwa kikataji cha meno matatu, kwa sababu kitu chenye miguu mitatu husimama imara siku zote.

Unaponunua kikataji kilichonolewa, au unapompelekea fundi cha kwako, kipimo ndicho neno la kwanza. Kipime kwa mikromita kutoka jino hadi jino la upande wa pili, mbele ya muuzaji, na uombe kipenyo hicho kiandikwe kwenye risiti. Namba iliyochongwa mkiani ni ya siku kilipozaliwa. Cha meno matatu hakipimiki hivyo, basi omba kichonge mfereji wa majaribio kwenye kipande cha chuma na upime mfereji. Kwa fundi, mkubaliane kabla ya kazi kama atanoa ncha peke yake au na ubavu, na nani atabeba hasara kikirudi kimeungua au meno hayalingani. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa anayoiuza. Muuzaji anayekupa kilichonolewa kwa jina na bei ya kipya anaweza kulalamikiwa, na risiti yenye kipimo ndiyo itakayokusemea. Ihifadhi pamoja na kikataji chenyewe, kila kimoja katika tundu lake kwenye kipande cha mbao, kwa kuwa vikataji vilivyorundikwa pamoja katika droo hunoleana vibaya kuliko jiwe lolote.