SOMO: NAMNA YA KULAZA GARI LISIHARIBIKE



Somo letu safari hii linahusu kazi ambayo wengi hudhani si kazi hata kidogo, nayo ni kulisimamisha gari kwa muda mrefu. Kila mtu anajua kwamba gari linalotembea huchakaa. Wachache tu ndio wanaojua kwamba gari lililosimama nalo huharibika, tena pengine upesi kuliko lile linalotembea kila siku.

Katika nchi za baridi jambo hili linajulikana sana. Huko Ulaya na Marekani ya Kaskazini, wenye magari ya mbio huyalaza kwa miezi ya baridi, kwa sababu barabara nyingi humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hula bati la gari. Hawaliachi gari hivi hivi tu. Hulisafisha, hulitia oili mpya, huitunza betri, na baridi ikiisha gari huwaka kama lilivyolala.

Sisi hapa Kampala hatuna barafu. Lakini tunayo mvua ya Machi hadi Mei, na ile ya Septemba hadi Desemba. Tunao unyevu, panya na vumbi. Fundi anayetunza magari ya mashindano, kama yale yanayoshiriki Pearl of Africa Rally, anajua kwamba gari la namna hiyo hulala siku nyingi kuliko linavyokimbia. Na sisi wengine tulifundishwa somo hilo mwaka 2020. Tarehe 25 Machi magari ya abiria yalisimamishwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Tarehe 30 Machi ikatangazwa kwamba magari ya watu binafsi nayo yasimame, kuanzia usiku uleule. Hayakuruhusiwa tena hadi tarehe 26 Mei, yaani karibu miezi miwili. Mwezi wa Juni 2021 usafiri ukasimamishwa tena, safari hii kwa siku 42.

MFANO WA MAJIRANI WAWILI

Tuchukue mfano wa majirani wawili wafanyao kazi katika kiwanda kimoja. Kila mmoja ana pikapu ya zamani aliyoinunua kwa mkopo wa chama cha akiba, naye huitumia kubeba mizigo siku za mapumziko. Amri ya kusimamisha magari inatoka.

Wa kwanza anaegesha pikapu yake juu ya majani, anavuta breki ya mkono kwa nguvu zote, anaifunika kwa karatasi ya nailoni na kwenda zake ndani. Baada ya miezi miwili betri imekufa. Breki za nyuma zimeganda. Chini ya nailoni bati limetoa jasho na kutu imeanza. Panya wamekula nyaya. Mkopo wake haukulala hata siku moja, na sasa atafute fedha za fundi kabla hajapata mzigo wa kwanza.

Wa pili anatumia saa nne za kazi siku ileile. Baada ya miezi miwili anafunga betri, anajaza upepo, na asubuhi hiyohiyo yuko barabarani.

Tofauti yao si bahati. Gari huharibiwa au huokolewa siku ile ya kulilaza, si siku ya kuliamsha. Basi tuzitazame hatua zenyewe.

HATUA ZA KULAZA GARI

1. Osha na kukausha. Anza chini, si juu. Matope yaliyoganda chini ya gari hushika maji, na maji huzaa kutu. Gari lililobeba miwa au mbolea lioshwe kwa uangalifu zaidi, maana mbolea hula chuma. Baada ya kuosha, liendeshe kidogo ili breki zikauke.

2. Badilisha oili kabla ya kulaza, wala si baada ya kuamsha. Oili iliyotumika imechanganyika na maji na asidi zitokanazo na moto wa injini. Ukiiacha ikae miezi miwili au mitatu, inakula vyuma vya ndani polepole. Tia oili mpya, kisha washa injini dakika chache ili izunguke kila mahali.

3. Mafuta. Petroli ikikaa miezi mingi hupoteza ukali wake, na ile iliyobaki katika kabureta huacha utando mzito kama gundi ambao huziba matundu madogo. Kwa tenki la chuma, lijaze karibu na juu, maana nafasi tupu hushika hewa yenye unyevu na kutu huanzia hapo. Kwa pikipiki yenye kabureta, funga koki ya petroli na uache injini iwake mpaka izimike yenyewe. Hapo kabureta imebaki tupu. Kwa lori na trekta la dizeli, toa kwanza maji yaliyotulia chini ya filta, kisha jaza tenki.

4. Betri. Betri hupungua nguvu hata ikiwa haifanyi kazi. Ikikaa bila nguvu, bamba zake za risasi hushikwa na utando mgumu, na baada ya hapo hata ukiichaji haishiki tena. Basi ifungue. Anza na waya wa hasi, ule ulioungwa na bodi, ndipo ufuate wa chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche kubwa hutokea. Iweke mahali pakavu na kuichaji kila mwezi. Betri ya volti 12 iliyojaa vizuri na kutulia huonyesha kama 12.6 kwenye mita. Ikifika karibu na 12 ni tupu. Ikiwa ni ya kuongezwa maji, tumia maji ya betri, si ya mfereji.

5. Maji ya rejeta. Hapa hayawezi kuganda, lakini maji matupu huleta kutu ndani ya injini. Tumia maji yenye dawa ya kuzuia kutu.

6. Tairi. Gari likisimama mahali pamoja, uzito wote hukaa juu ya sehemu ileile ya tairi mpaka ikalala. Ongeza upepo kidogo zaidi ya kawaida, lakini usipite kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Kila wiki mbili sukuma gari kidogo ili tairi zikanyage upande mwingine. Ukiweza, liinue juu ya stendi imara.

7. Breki ya mkono. Usiivute. Ikivutwa kwa miezi katika unyevu, breki hushikana na drami. Tia gia, kisha weka kabari za mbao au mawe mbele na nyuma ya magurudumu.

8. Mahali na kifuniko. Liegeshe juu ya zege, mawe au mbao, si juu ya majani. Lifunike kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Nailoni huzuia mvua ya nje, lakini hufungia unyevu wa ndani.

9. Panya. Toa makombo yote ya chakula. Ziba bomba la moshi kwa kitambaa, kisha funga kitambaa chekundu kwenye usukani kikukumbushe kuzibua. Siku ya kuamsha usimtegemee aliyelaza gari kuwa bado anakumbuka.

KOSA LINALOPENDWA NA WENGI

Wengi huwasha gari kila wiki kwa dakika tano, wakidhani wanalisaidia. Hii si kweli. Katika dakika tano injini haipati moto wa kutosha. Maji yanayotokana na moto hubaki ndani ya oili na bomba la moshi, na betri hutoa nguvu nyingi kuliko inayorudishiwa. Liendeshe nusu saa barabarani, au liache lilale.

MAMBO YANAYOUA WATU

Ndugu, gari lililoharibika hutengenezwa. Mtu aliyekufa harudi. Kwa hiyo shikeni haya manne.

Kwanza, usiwashe injini katika chumba au gereji iliyofungwa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, sumu isiyoonekana wala kunukia. Mtu husikia kichwa kizito, hulala, asiamke.

Pili, usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia. Stendi ndiyo ya kushikilia.

Tatu, betri inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Ichaji mahali penye upepo, mbali na sigara na jiko.

Nne, usiweke madumu ya petroli katika chumba wanacholala watoto. Wengi wetu huingiza pikipiki ndani usiku kwa hofu ya wezi. Hofu hiyo twaijua, lakini mvuke wa petroli hautambui chumba cha tajiri wala cha maskini, nao hutambaa chini mpaka ufikie moto wa jiko au taa.

SIKU YA KUAMSHA

Zibua bomba la moshi. Angalia nyaya kama hazikuliwa. Pima oili, maji na mafuta ya breki. Jaza upepo kwa kipimo cha kawaida. Funga betri: chanya kwanza, hasi mwisho. Washa injini polepole bila kuikanyagia. Kabla ya kutoka getini, jaribu breki mara tatu. Barabarani nenda pole kwa kilomita za kwanza.

GARI LA KAZINI

Jambo la mwisho linatuhusu kama wafanyakazi. Kiwanda kikifungwa kwa matengenezo, au shamba likipunguza kazi, malori na matrekta hubaki uani. Kazi ikirudi, betri imekufa na tairi zimelala, na mara nyingi anayeulizwa ni dereva. Pengine hata hutajwa habari ya kumkata mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka mipaka juu ya makato ya mshahara, lakini ulinzi ulio karibu zaidi ni karatasi. Kabla ya kufunga, dereva na msimamizi walitazame gari pamoja, waandike hali yake, kilomita zake, kazi iliyofanywa kulilaza na ni nani atakayelikagua, kisha wote wawili watie sahihi. Kila mmoja abaki na nakala.

Tena, kulaza gari ni kazi. Inahitaji saa, oili, stendi na fundi. Mwakilishi wenu aliseme jambo hili mapema, maana siku ya kufunga lango kila mtu ana haraka ya kwenda kwake. Mwaka 2020 muda uliotolewa ulikuwa saa chache tu. Aliyekuwa na orodha tayari aliokoa gari lake. Aliyengoja alijifunza kwa gharama.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini oili hubadilishwa kabla ya kulaza gari na si baadaye?
2. Waya gani wa betri hufunguliwa kwanza, na kwa sababu gani?
3. Kazini kwenu, ni nani anayeandika hali ya gari kabla ya kufunga? Kama hakuna, mtaanzaje?
4. Katika nyumba zenu pikipiki hulala wapi, na moto wa kupikia uko wapi? Kila mmoja akapime hatua za kutoka moja hadi nyingine, atuletee jibu katika mkutano ujao.