Kidonda Sugu na Vifunikio Vyake

Kidonda cha mtu mwenye siha njema aghalabu hujifunga chenyewe: damu huganda, uvimbe hupanda kisha hushuka, nyama changa nyekundu hujaza shimo, na ngozi mpya hutambaa kutoka ukingoni. Lakini kiko kidonda ambacho, kwa ajili ya kisukari, au mishipa ya miguu iliyochoka, au mgonjwa kulalia upande mmoja siku nyingi, hukwama njiani, na wiki nne au zaidi zikapita pasipo dalili ya kufunga. Hicho ndicho kidonda sugu. Ndani yake uvimbe haukomi, vimeng'enya vya mwili huila nyama ileile inayojengwa, na bakteria hujificha chini ya utando wa utelezi ambao dawa haziupenyi kwa urahisi.

Wengi wetu tumelelewa katika itikadi kwamba kidonda sharti kikauke, na kwa hiyo hukiacha wazi kipigwe na upepo, ama hufungua vidonge vya rangi mbili vya kuua bakteria na kunyunyiza unga wake juu ya nyama mbichi, desturi ambayo huwazoeza bakteria dawa bila kumponya mtu. Mwaka 1962 George Winter wa Uingereza alionyesha kwa nguruwe kwamba majeraha yaliyofunikwa kwa utando mwembamba wa plastiki yalipata ngozi mpya kwa kasi iliyokaribia maradufu ya yale yaliyoachwa wazi, kwa kuwa chembe za ngozi hutambaa penye unyevu, ilhali penye gaga hulazimika kupita chini yake.

Kutokana na elimu hiyo vilizuka vifunikio vingi, na vingine asili yake ni viumbe wa bahari na nchi kavu. Mwani wa kahawia hutoa aljineti, nyuzi nyeupe mfano wa pamba, ambazo zikinywa majimaji ya kidonda hugeuka ute laini usiogandamana na nyama wakati wa kubadilisha bandeji. (Mwani unaolimwa Paje na Jambiani, Unguja, ni wa jamii nyekundu, na kazi yake ni nyingine.) Magamba ya kamba na kaa hutoa kitosani, isaidiayo kuzuia damu. Huko Fortaleza, Brazili, madaktari wamewafunika walioungua moto kwa ngozi ya sato, samaki yuleyule ajulikanaye Ziwa Victoria, kwa sababu imejaa kolajeni na hukaa juu ya jeraha siku nyingi, mgonjwa akaepukana na maumivu ya kufunguliwa bandeji kila mara. Ngozi hiyo kwanza husafishwa kwa dawa na kupigwa mionzi. Ya jikoni haifai kamwe.

Asali nayo ina hoja yake. Utamu wake mzito huwanyima bakteria maji, ukali wake huwachukiza, na ikichanganyika na majimaji ya kidonda huzalisha kidogo kidogo dawa ileile ya povu itumiwayo kusafishia majeraha. Kwa kuungua kusiko kwa kina imethibitika kusaidia. Lakini itumiwayo hospitali imepigwa mionzi, maana asali ya chupa ya sokoni huweza kubeba mbegu za bakteria hatari.

Hata hivyo insafu yatutaka tuseme wazi: kwa kidonda cha mguu wa kisukari, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 haushauri kutumia asali, wala aljineti, wala vifunikio vya fedha, kwa matarajio kwamba vyenyewe vitakifunga. Kinachofunga kidonda hicho ni kukata nyama iliyokufa, kuuondolea mguu uzito wa mwili kwa kiatu maalumu au plasta ngumu, kutuliza sukari, kutibu maambukizo kwa dawa sahihi, na kuhakikisha damu inafika mguuni. Kifunikio ni mtumishi tu, na mgonjwa anayenunua kifunikio cha ghali huku akiendelea kukanyagia kidonda chake amepoteza fedha.

Kwa hiyo, ewe msomaji, ukiwa na kisukari na ukaona lengelenge au mkwaruzo wayoni, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, ijapokuwa hauumi, kwani ganzi ya mguu huficha maumivu. Na wekundu ukienea, harufu ikizidi, au homa ikipanda, usingoje asubuhi.