Udongo wa Lyulilo kama Kitufe cha Kompyuta

Kila Jumamosi soko la vyungu hufanyika Lyulilo, karibu na Matema, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. Vyungu hivyo hufinyangwa na wanawake wa Kikisi wa Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, na huletwa sokoni kwa mitumbwi. Katika somo hili tutachukua bonge la udongo mbichi wa kufinyangia na kulifanya kitufe cha kompyuta. Kwa njia hiyo mwanafunzi ataelewa jambo moja kubwa: kwa upande wa kompyuta, kibodi ni chombo chochote kinachofuata mapatano fulani.

1. Mapatano hayo ni yapi?

Mfumo wa USB ulitangazwa mwaka 1996 ili vyombo vya aina nyingi viungwe na kompyuta kwa soketi ya namna moja. Chombo kinapochomekwa, kompyuta hukipa namba ya anwani kati ya 1 na 127, kisha hukitaka kijitambulishe. Chombo hujibu kwa kutaja kundi lake. Kundi namba 3 ni la vyombo ambavyo binadamu huvitumia kuingizia habari, kama vile kibodi na kipanya.

Baada ya utambulisho, kompyuta hukiuliza chombo mara kwa mara, "Je, kuna habari?" Chombo hakisemi mpaka kiulizwe. Jibu la kawaida la kibodi lina baiti 8. Baiti ya kwanza huonyesha vitufe kama Shift na Ctrl. Ya pili haitumiki. Sita zilizobaki hutaja vitufe vilivyobonyezwa. Kinachotumwa ni namba ya kitufe, wala si herufi yenyewe. Kitufe cha a ni namba 4, b ni 5, na kuendelea hivyo mpaka z, ambayo ni 29. Kidole kinapoondolewa, kibodi hutuma sifuri. Sifuri hiyo isipotumwa, kompyuta itadhani kitufe kingali kimebonyezwa, nayo itarudia herufi ile ile bila kikomo.

2. Vifaa vya jaribio

Tunahitaji bodi ya maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyomo ndani ya chipu moja, ambayo chipu yake ina uwezo wa USB. Arduino Leonardo, iliyotolewa mwaka 2012, inafaa, kwa kuwa chipu yake, ATmega32U4, huzungumza na kompyuta moja kwa moja. Arduino Uno ya kawaida haifai kwa jaribio hili: mazungumzo yake ya USB hufanywa na chipu nyingine, ambayo haijitambulishi kama kibodi. Mwalimu alitazame jambo hili kabla ya kununua. Tunahitaji pia rezista ya ohm milioni 10, swichi, nyaya, udongo mbichi, bonge la udongo uliokaushwa juani, na kigae kikavu cha chungu.

3. Utaratibu

Unga rezista kati ya volti 5 na pini 2. Kutoka pini hiyo hiyo peleka waya mpaka ndani ya udongo mbichi. Waya mwingine utoke kwenye pini ya volti 0, nao ushikwe na mwanafunzi kwa mkono wa kushoto. Swichi iungwe kati ya pini 3 na volti 0.

Programu isome pini 2 mara 20 mfululizo na kufuata jibu la wingi, kwa sababu saketi yenye ukinzani mkubwa hivi hunasa kwa urahisi mitetemo ya umeme wa nyumbani. Volti ikishuka, programu itume kitufe cha m. Ikipanda, itume sifuri. Kazi hii hurahisishwa na maktaba ya programu iitwayo Keyboard. Programu isitume chochote mpaka swichi ya pini 3 ifungwe. Vinginevyo programu yenye kasoro itaandika mfululizo na kumzuia mwanafunzi kuisahihisha. Tumia kompyuta ya mkononi inayotumia betri yake, isiyochomekwa ukutani.

Sasa mwanafunzi aguse udongo mbichi kwa mkono wa kulia. Herufi m itatokea. Arudie kwa udongo mkavu na kigae, na kuandika matokeo.

4. Maelezo

Udongo mbichi hupitisha umeme kwa kuwa maji yaliyomo yana chumvi zilizoyeyuka, ambazo ioni zake hubeba mkondo. Tuseme mwili na udongo kwa pamoja vina ukinzani wa ohm milioni 1. Volti kwenye pini itakuwa 5 × 1/11, yaani karibu 0.45, nayo maikrokontrola huihesabu kuwa ya chini. Kama tungetumia rezista ya ohm elfu 30, volti ingekuwa karibu 4.85, na mguso usingetambuliwa. Mkondo unaopita mwilini hauzidi nusu ya sehemu moja ya milioni ya ampea.

Kwa kanuni hii Jay Silver na Eric Rosenbaum, wa chuo cha MIT cha Marekani, walitengeneza bodi ya Makey Makey mwaka 2012.

5. Faida na tahadhari

Mwanafunzi ambaye vidole vyake haviwezi kubonyeza vitufe vidogo aweza kutengenezewa kitufe kipana kama sahani, au cha kuguswa kwa kiwiko. Kompyuta haitahitaji programu mpya, maana kwayo hicho ni kibodi tu.

Lakini imani hiyo ina hatari. Mnunuzi mwangalifu hukigonga chungu na kusikiliza mlio wake kabla ya kulipa. Kompyuta haigongi, bali huamini utambulisho iliopewa. Mwaka 2014 watafiti Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha kuwa hata diski ndogo ya USB yaweza kubadilishwa ijitambulishe kama kibodi, kisha ikaandika amri kwa niaba ya mwenye kompyuta. Kwa hiyo usichomeke chombo cha USB usichokijua asili yake, na usijaribu bodi yako kwenye kompyuta ya mtu bila idhini. Nchini Tanzania kuingilia kompyuta ya mwingine bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Maswali

1. Andika namba za vitufe vinavyotumwa ili kuandika neno kisi.
2. Kwa nini sifuri hutumwa kati ya herufi moja na inayofuata?
3. Loweka kigae majini usiku kucha, kisha rudia jaribio. Eleza tofauti utakayoiona.