Mchezo kamili au mchezo mkamilifu?

Katika zoezi la tafsiri nilikutana na Harvey Haddix, mtupaji wa Pittsburgh Pirates, timu ya besiboli ya Marekani. Tarehe 26 Mei 1959, mjini Milwaukee, aliwatoa wapigaji 36 mfululizo, watatu kila zamu, bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Zamu ya 13 mwenzake alikosea kurusha mpira, kisha Haddix akapigwa; wakashindwa 1-0. Maskini!

Niliandika “mchezo mkamilifu”. Lakini mwaka 1991 wakuu wa ligi walibana maana ya sifa hiyo: sharti idumu mpaka mwisho wa mchezo. Haddix akaondolewa. Wao, naona, walitaka “kamili”, kitu kilichotimia. “Mkamilifu” hudai tu kukosa dosari, nami sioni dosari katika wapigaji wale 36. Sijalifuta neno langu.