Tone Moja ni Kiasi Gani?

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule yetu hii, mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na desturi iliyotuchosha. Mtu akijibu, "Ishirini," yeye humwuliza, "Ishirini nini? Mbuzi?" Jibu lisilo na kipimo lilipoteza alama. Niliuona ukali ule kuwa wa bure. Leo mimi ni mwuguzi, nami nimeombwa niwaandikieni habari za hesabu za wodini. Basi nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mgonjwa asiyeweza kunywa hutiwa maji mshipani kwa dripu. Daktari huagiza mililita ngapi ziingie kwa saa. Mwuguzi hutazama matone yanavyodondoka, akiyahesabu kwa saa yake ya mkono, na hukaza au hulegeza mpira mpaka yatimie matone yanayotakiwa kwa dakika. Zipo mashine za kufanya kazi hiyo, lakini pasipo na mashine sharti jicho lihesabu.

Sasa, mipira ya dripu si ya namna moja. Upo utoao matone 20 kwa kila mililita, na upo wa watoto, utoao matone madogo 60 kwa mililita. Kwa mpira huu wa watoto hesabu ni nyepesi: kwa kuwa saa moja ina dakika 60, mililita 40 kwa saa ni matone 40 kwa dakika.

Siku moja, nikiwa bado mwanafunzi wa uuguzi, niliagizwa kumtilia maji mtoto wa kilo 10, mililita 40 kwa saa. Mipira ya watoto ilikuwa imekwisha, nikafunga ule wa matone 20. Lakini kichwani nilibaki na hesabu ya mpira wa watoto. Nikapanga matone 40 kwa dakika, nikaridhika. Mama yake, aliyekuwa hajalala siku mbili, aliniona nimemaliza kazi, akasinzia.

Baada ya robo saa akapita Sista.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Matone mangapi?"

"Arobaini."

"Arobaini ya mpira gani?"

Hapo nikawakumbuka mbuzi wa mwalimu. Matone 40 kwa dakika ni matone 2,400 kwa saa. Gawanya kwa 20, utapata mililita 120: mara tatu ya kiasi alichoagiza daktari! Mtoto alikwisha pata mililita 30 badala ya 10. Sista alipunguza matone, akamtazama pumzi zake, akamwarifu daktari. Mtoto alisalimika. Lakini kama mwendo ule ungeendelea usiku kucha, maji yangeweza kumjaa mapafuni.

Kanuni yenyewe ni hii: zidisha mililita kwa idadi ya matone ya mpira, kisha gawanya kwa dakika. Mtoto yule alistahili 40 × 20 ÷ 60, yaani matone 13 kwa dakika.

Dawa nazo huhesabiwa hivyo hivyo. Mathalani, mtoto wa kilo 12 ameagizwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, yaani miligramu 180. Chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Basi 180 ÷ 120 × 5 ni mililita 7.5. Ukiisahau nukta, utampa 75! Kwa hiyo kabla ya kumpa mgonjwa dawa, jiulize kama jibu lako lina akili, kisha mwombe mwenzako ahesabu peke yake.

Zoezi: Mtu mzima atiwe mililita 1,000 kwa saa 8, kwa mpira wa matone 20. Je, ni matone mangapi kwa dakika? (Jibu: matone 42, kwa kuwa tone halikatwi vipande.)

Wadogo zangu, mwalimu akiwauliza, "Ishirini nini?" msinung'unike. Mjibuni.