Kikoti cha Angoche: Lahaja ya Kiswahili au Lugha ya Kundi la Kimakhuwa?

1.0 Utangulizi

Kikoti, au Ekoti kama wenyewe waiitavyo lugha yao, huzungumzwa katika kisiwa cha Koti na mji wa Angoche, mkoani Nampula, kaskazini mwa Msumbiji. Wazungumzaji wake hukadiriwa kuwa makumi ya maelfu tu. Kwa kuwa sehemu kubwa ya msamiati wake ina asili ya Kiswahili, ni rahisi kuihesabu miongoni mwa lahaja za kusini za Kiswahili. Makala haya yanadai kwamba uamuzi huo una kasoro ya mbinu: unapima nasaba ya lugha kwa msamiati peke yake.

2.0 Usuli

Mapokeo yanahusisha usultani wa Angoche na wahamiaji kutoka Kilwa waliofika karne ya 15. Wareno waliushambulia mji huo mwaka 1511, ila hawakuutiisha kikamilifu hadi mwaka 1910. Katika karne hizo zote wakazi wa pwani walifanya biashara na kuoana na majirani zao Wamakhuwa.

3.0 Ushahidi wa sarufi

Jina Ekoti lina kiambishi e-, kama Emakhuwa, wala si ki-. Jina peke yake halitoshi kuwa ushahidi. Lakini kitenzi-jina nacho huanza na o-, kama katika Kimakhuwa *olima* 'kulima', si ku-. Aidha, Kikoti kina toni, sifa isiyokuwamo katika Kiswahili Sanifu. Mpumuo unahitaji hadhari zaidi. Kikoti na Kimakhuwa hutofautisha vipasuo vyenye mpumuo na visivyo nao, lakini Kimvita nacho hutofautisha *paa* la nyumba na *phaa* mnyama. Kwa hiyo, sifa hiyo haiamui lolote.

Uchambuzi wa Schadeberg na Mucanheia wa mwaka 2000 ulidhihirisha hali hii: maneno mengi ya Kiswahili yamo ndani ya sarufi iliyo karibu na ya Kimakhuwa. Ndiyo maana lugha hii kwa kawaida huwekwa katika kundi la P30 la Guthrie.

4.0 Nadharia tete mbili

Huenda Waswahili walihamia Kimakhuwa huku wakihifadhi msamiati wao. Au huenda Wamakhuwa wa pwani walikopa kutoka kwa Waswahili. Iwapo maneno ya Kiswahili yamejikita katika biashara na dini tu, nadharia ya ukopaji itapata nguvu. Yakienea hadi viungo vya mwili na vitenzi vya kila siku, ile ya kwanza itastahili kupewa uzito.

5.0 Hitimisho

Kuiita Kikoti lahaja ya Kiswahili kuna madhara mawili. Kwanza, wenye lugha huonekana hawahitaji sarufi wala kamusi yao. Pili, wanahistoria wa Kiswahili hupoteza shahidi, kwani maneno yaliyohifadhiwa Angoche yalitoka katika Kiswahili cha kale, kabla ya usanifishaji. Mtafiti wa Kiswahili anapaswa kwenda Angoche kama mgeni anayejifunza, si kama mrithi anayedai mali.