Honi Inayolia Yenyewe

Dereva mmoja alisimamisha lori lake kando ya soko, akalala. Usiku wa manane honi ikaanza kulia, wala hapana mtu aliyeigusa. Mbwa wakabweka, watu wakatoka na taa. Wengine wakanena kwamba gari limeingiwa na pepo. Utingo alikipiga kifungo cha usukani kwa ngumi, lakini kelele haikukoma.

Dereva hakujibizana na mtu. Alitwaa spana, akafungua boneti, akauondoa waya wa hasi katika betri. Mara kukawa kimya. Alifanya upesi, kwa maana honi ikilia mfululizo huweza kuungua, na betri huishiwa nguvu; na asubuhi ile lori lilitakiwa kumpeleka mgonjwa hospitali.

Kulipopambazuka akamwita utingo: "Njoo, mwanangu, tumtafute huyo pepo."

Umeme wa betri huifikia honi kwa kupita katika fyuzi na rilei, yaani kiboksi kidogo chenye sumaku ndani yake. Kutoka rilei, waya mwembamba hupita katika nguzo ya usukani mpaka kwenye kifungo. Katika magari mengi, kifungo kikibonyezwa hugusanisha waya huo na chuma cha gari, na chuma ndicho njia ya umeme kurudi katika betri. Hapo sumaku huvuta, umeme mwingi huenda katika honi, na bamba jembamba lililomo hutetemeka mara mia kadhaa kwa sekunde. Kutetemeka huko ndiko sauti. Basi honi haiwezi kupambanua kama waya umegusishwa chuma kwa kidole cha dereva au kwa ajali tu.

Dereva aliuchomoa waya mwembamba katika rilei, kisha akarudisha ule wa betri. Honi haikulia. "Kama ingalilia," akasema, "kosa lingalikuwa katika rilei, vyuma vyake vimegandamana."

Wakaufuata waya. Chini ya usukani gamba lake lilikuwa limelika, shaba inagusa chuma. Wakauzungushia utepe wa umeme, wakaufunga mbali na chuma, wakaurudisha mahali pake. Usukani wenyewe hawakuufungua. Na katika magari ya siku hizi si kazi ya kujaribu, kwani mfuko wa hewa umkingao dereva umo humo humo, nao huweza kufumuka kwa nguvu usoni pa asiye fundi.

Utingo akabonyeza kifungo, honi ikalia, akakiachia, ikanyamaza. Wakaenda kumchukua mgonjwa.